Mwalimu Anania na Lori la Magome

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ambayo mtu mmoja alishuka kwenye lori, akasimama kwenye tope, akatuita tushuke, na hakuna aliyeshuka. Mimi ndiye niliyekuwa kapteni.

Nakuandikia kwa mkono usionyooka. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo ukikuta sentensi imepinda isome hivyohivyo, maana yake utaipata. Majina nitayataja. Wengine wanasema marehemu asitajwe kwa ubaya. Sawa, lakini na mimi nimenyamaza vya kutosha.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Shule yetu ya kati ilikuwa nje kidogo ya Njombe, na mwalimu wetu wa mpira aliitwa Anania Mlowe. Asubuhi alifundisha hesabu darasa la tano, mchana alikuwa uwanjani. Mtu mfupi, miguu mipana, koti moja la jeshi alilopewa na shemeji yake. Majani ya uwanja aliyafyeka mwenyewe pamoja nasi. Milingoti ya goli aliisimamisha upya kila mwaka, kwa sababu kila likizo watu waliiba ile miti wakapikia, naye hakuwahi kumkamata mtu. Alisema tu, "Basi wamekula chakula cha moto." Miaka kumi na minane alifanya kazi hiyo.

Sasa sikiliza utaratibu wake, kwa sababu kila kitu kilitokea hapo. Tukiwa na mechi Makambako, Mwalimu Anania alitutembeza kwa miguu. Siku mbili. Katikati ya njia tulilala kwenye kanisa, akina mama wa pale wakatuletea viazi na maji ya moto ya kukanda miguu. Na alikuwa na sheria moja: uliyegombana naye ndiye unayetembea naye. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimepigana na Sifaeli kwa ajili ya kalamu. Nikatembea na Sifaeli. Siku ya kwanza hatukusemezana hata neno. Siku ya pili kisigino changu kilichubuka, yeye akachana kipande cha shati lake akanifunga, huku akinitukana. Tulipofika Makambako nilikuwa najua Sifaeli yuko wapi uwanjani hata bila kugeuza shingo. Sisemi tulishinda kila mara. Nasema hatukuwahi kulaumiana mbele za watu.

Lakini vijana tuna aibu za kijinga. Wenzetu wa shule nyingine walikuja kwa lori, wameketi juu wanaimba. Wakituona tunaingia na vumbi mpaka kwenye nyusi, walipiga kelele: "Haooo, wahamiaji! Wapeni uji kwanza, wasije wakatufia uwanjani!" Watu wakacheka. Mwalimu Anania naye alicheka, akawapungia mkono. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mwaka nilipofanywa kapteni nikaenda kwa Mwalimu Mkuu, Gideoni Nyagawa. Nilikwenda peke yangu, bila kutumwa na mtu. Nikamwambia vijana wamechoka kutembezwa. Nilimkuta naye ana lake moyoni. Alikuwa amesikia kwamba Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, angekuwepo Makambako siku hiyo, na alitaka shule yake ifike kama shule ya watu wakubwa. Tena wazazi walikuwa wamekubaliana kwamba baada ya mechi, palepale uwanjani, watamvika Mwalimu Anania blanketi zito kwa ile miaka yake kumi na minane. Gideoni akapata lori la mfanyabiashara mmoja, lililobeba magunia ya magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi. Dereva wake aliitwa Kasiani.

Mwalimu Anania alikataa mbele yetu sote.

"Juu ya mzigo, Mwalimu Mkuu? Na mvua hizi za Machi?"

"Anania, watu wanakwenda mbele. Wewe unataka watoto waswagwe kama mbuzi wa mnadani?"

Vijana wakacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, ili Mwalimu Mkuu anione.

Basi tukapanda. Mwalimu Anania akapanda nasi, kwa kuwa aliyeamriwa kutupeleka ni yeye. Tulikwenda vizuri mpaka kijiji kimoja ambako Kasiani alisimamisha lori, akaingia mahali panapouzwa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Unajua msimu huo mianzi inavyotoa. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa anaimba, akaukosa mlango wa lori mara mbili. Hapo ndipo Mwalimu Anania aliposhuka. Tope lilimfika juu ya vifundo.

"Shukeni," alisema. "Tumebakiza mwendo wa asubuhi moja. Tutatembea."

Mwanangu, vijana wote waligeuka wakanitazama mimi. Sifaeli alikuwa ameshashika ubao wa pembeni, tayari kuruka. Kama ningenyanyuka, wangenyanyuka wote. Nikajifunika vizuri shuka langu, nikasema, "Mwalimu, wewe tangulia tu. Sisi tutakupungia mkono tukikupita."

Wakacheka. Sifaeli akauachia ule ubao, akaketi.

Mwalimu Anania alisimama pale akitutazama. Hakugomba. Angeweza kutembea, na leo hakuna ambaye angemlaumu. Kasiani akawasha lori. Ndipo mwalimu aliposhika kamba ya mzigo akapanda tena. Tadei, mdogo kuliko sisi wote, alikuwa ameketi ukingoni. Mwalimu akamvuta katikati, akakaa yeye pale ukingoni.

Kwenye mteremko wa tatu baada ya hapo lori liliteleza, likalala ubavu bondeni. Magunia yalitufunika. Mkono wangu ulivunjika mahali pawili. Mwalimu Anania alirushwa mbali, mbavu zake zikavunjika, na kwa mbavu hizohizo alirudi kutuvuta mmoja mmoja. Tadei na Sifaeli walikuwa wamekufa. Mwili wa Sifaeli mwalimu aliubeba mgongoni mpaka nyumba ya kwanza, akizungumza naye njia nzima.

Uchunguzi ulifanyika katika darasa letu. Bwana Shauri aliketi mbele, Mwalimu Mkuu pembeni yake, wazazi wamejaa mpaka nje. Asubuhi ile Gideoni alikuwa amenivuta nyuma ya ofisi.

"Lukasi, wewe una akili. Chuo cha ualimu mwakani wametupa nafasi moja. Jibu unachoulizwa, usiongeze."

Nikaulizwa lori lilipoondoka pale kwenye ulanzi mwalimu alikuwa wapi. Nikasema alikuwa juu, pamoja nasi. Nikaulizwa alipanda kwa hiari yake au alilazimishwa. Nikasema alipanda mwenyewe, na wenzangu wakajibu kama kapteni wao. Hakuna neno la uongo hapo, mwanangu, lihesabu utakavyo. Hivyo ndivyo nilivyomzika mtu mzima akiwa hai, kwa maneno ya kweli matupu.

Nilimtazama nikidhani atasimama aseme, "Huyu mtoto nilimwita ashuke akanicheka." Aliulizwa kama ana la kusema. Alisema, "Walikuwa watoto wangu, nami nilikuwa nao." Akaketi. Gideoni Nyagawa, aliyelitafuta lile lori kwa miguu yake mwenyewe, alisema yeye alitoa ruhusa ya safari tu, mambo ya njiani ni ya mwalimu wa mpira.

Mwalimu Anania alifukuzwa kazi wiki hiyo. Na lile blanketi? Mwisho wa mwaka walimvika Gideoni, kwa kulinda jina la shule. Nilikuwepo. Nilipiga makofi kwa kupigapiga paja, maana mkono mmoja ulikuwa umepona vibaya, haunyooki. Nafasi ya chuo alipewa mpwa wa Gideoni. Mimi nikaacha shule. Basi waovu wa habari hii ndio hao: Kasiani aliyekunywa, Gideoni aliyeficha, na Lukasi, yaani mimi, ambaye nilikuwa na uwezo wa kuzuia mambo kwa kunyanyuka tu.

Miaka kumi na moja nilichimba na kuuza viazi Makambako, nikilikwepa kila kundi la vijana wenye mpira. Siku moja mteja kutoka Ludewa akaniambia Mwalimu Anania yuko Lugarawa, kwa wakwe zake, na kifua kinamsumbua. Nikaenda. Nilimkuta anaota jua mbele ya nyumba, amekonda, lile koti limekuwa kubwa kwake. Nikapiga magoti.

"Mwalimu, nimekuja kuungama."

"Kwangu?" Alikohoa, halafu akacheka kidogo. "Mimi nilikuwepo, Lukasi. Utaniambia nini nisichokijua? Waambie ambao hawakuwepo."

Nikamwuliza ni nani. Akasema, "Mama Sifaeli tulikuwa tunasali kanisa moja. Tangu tumzike mtoto hakuitikia salamu yangu tena, mpaka nilipohama."

Mama yake Tadei alikuwa ameshafariki, na hilo nitalijibu mbele za Mungu. Mama Sifaeli nilimkuta kwake karibu na Njombe, anachambua maharage. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuinua uso.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo mwalimu alishuka."

"Alishuka, mama."

"Na wewe hukushuka."

"Sikushuka."

"Na mwanangu alikuwa anakutazama wewe."

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama." Akaweka ungo chini, akakung'uta kanga yake. "Sijakusamehe. Sijui kama nitaweza. Nipeleke Lugarawa."

Ile safari yote hakunisemesha. Tulipofika, alipiga magoti mbele ya Mwalimu Anania kama wanawake wa kwetu wanavyomsalimu mkubwa. "Kamwene, Mwalimu," alisema. Mwalimu akaitikia, "Kamwene, Mama Sifaeli. Yule mtoto wako alikuwa na mguu wa kushoto mzuri sana. Lakini alikuwa anauficha, anadhani ni kosa."

Mama Sifaeli akaweka mkono mdomoni. "Ni mimi! Nilikuwa namchapa akishika kijiko kwa kushoto."

"Basi kwangu kijiko alikishika kwa kushoto mpaka anachoka," alisema mwalimu, wakacheka wote wawili, na yule mama akalia huku akicheka. Wakakaa pale mpaka jua likaondoka uani. Mwalimu akamsimulia mechi moja baada ya nyingine: Sifaeli alisimama wapi, alimpa nani mpira, alikasirikia nini, alikula viazi vingapi pale kanisani. Miaka kumi na moja hakuna mtu aliyekuwa amemsimulia mama yule habari za mwanawe. Watu walidhani wanamwonea huruma kwa kunyamaza. Na mtu pekee aliyekuwa nazo zote ndiye huyo aliyenyimwa salamu, kwa sababu yangu.

Mwalimu Anania alifariki miezi michache baadaye. Hakuna shule iliyotuma mtu.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Yupo mtu anayekufundisha kukimbia, au kuruka, au kupiga mpira, na jioni anakwenda nyumbani na vumbi lako kwenye koti lake. Mtaje kwa jina lake angali anasikia, mbele ya wazazi wako na mbele ya wakubwa wake. Usingoje kikao cha kumvika kitu, vikao vina wenyewe. Anapokwambia jambo linalokuchosha, fikiri kwamba huenda ameona njia ambayo wewe hujaipita. Na siku ukiulizwa habari zake, usijibu swali tu. Sema na lile ambalo hukuulizwa, kama ndilo litakalomwokoa, hata likikuangusha wewe. Mimi nilijiokoa, na huu ndio mkono niliobaki nao.

Mungu akupe mwalimu anayekuhesabu kuwa mtoto wake. Akupe masikio ya kumsikia, na miguu ya kushuka anapokuita. Na wenzako wakikutazama kuona utafanya nini, Mungu akusimamishe.