Nimetafuta fundi wa kunijengea barndominium Joburg: nenda ukaone nyumba aliyoijenga zamani

Wakuu, habari za huko mliko.

Hili sijahadithiwa, limenikuta mwenyewe. Jina la fundi tu ndilo sitalitaja.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nashona viti vya magari Malvern, hapa Joburg, na nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya duka hilo la kushonea. Miaka yote nalala na harufu ya gundi.

Nikapata kiwanja nje ya mji. Nikataka barndominium, yaani jengo moja la vyuma na mabati, upande huu karakana, upande ule makazi. Vyumba vitatu, ili mama Salma na watoto wakija kutoka Tanga wasibanane.

Fundi wa kwanza nilimkuta Randburg, ofisi ina kiyoyozi. Picha kwenye simu yake kali balaa. Nikamwambia anipeleke kwenye nyumba aliyoijenga zamani, yenye watu ndani.

Akasema wateja wake hawapendi wageni. Sharp, yaani poa, nikaaga.

Wa pili alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi. Akanipa namba ya mteja wake.

"Enda mwenyewe. Mimi nikiwepo, hatasema kweli."

Jamani, hapo ndipo pa kumpimia fundi.

Nikaenda Jumapili, mvua inanyesha. Mwenye nyumba ni mzee wa Kikongo aliyefiwa na mkewe. Nikakagua skurubu za bati kama zina kutu, sakafu kama ina ufa, milango kama inafunga. Nikapapasa kuta. Kukavu.

Juu mvua inatwanga, lakini tunasikilizana bila kupaza sauti, maana chini ya bati fundi alitandika sufi ya kuzuia joto na kelele.

"Fundi iko muzuri," mzee akasema. "Lakini batoto bangu bote bako mbali. Vile vyumba vyao sifungui."

Nilipomaliza hakutaka niondoke. Akachemsha chai ya pili. Kila nikiinuka anakumbuka kitu cha kunionyesha: bomba, dirisha, mpaka swichi ya stoo.

Na mimi sikuwa na pa kuwahi, wakuu. Tukakaa.

Kufika kwangu nikampigia mama Salma, namsimulia vyumba. Akaniacha nimalize.

"Baba Salma, mbona hujawahi kuniuliza kama nitakuja?"

"Utakuja?"

"Mama yangu nimwachie nani? Na Salma ndio kwanza ameanza kazi hapa."

Hakugomba. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Angegomba, ningepata la kujibu.

Nikampa kazi yule Mkongomani. Karakana na chumba kimoja, basi. Akautazama mchoro, akaweka kidole pembeni.

"Ukuta huu wa mwisho nitaufunga kwa bolti," akasema. "Siku ukitaka kuongeza, unafunguka."

Eish. Nikageukia pembeni kidogo.

Sasa naishi humo. Haivuji. Asubuhi nawasha redio kabla ya mashine, angalau nisikie mtu.

Nilichojifunza: picha hazinyeshewi mvua. Nenda kwenye nyumba iliyokaa miaka, nenda bila fundi, ongea na anayelala humo. Na kabla hujachora vyumba, waulize unaowachorea. Mimi nilianza na fundi.

Waliojenga ugenini, nyie vyumba vyenu mmevijaza na nini? Andikeni, nasoma zote, hata za kunicheka.