Mabango Tuliyopeleka Kilambo

Nilitumwa Mtwara kupeleka mabango. Watu wa kwetu hudhani kazi ya chuo kikuu ni kufundisha tu, kwa hiyo nieleze kidogo. Pale chuoni Dar es Salaam nilikuwa katika kijiofisi kimoja ambacho kazi yake ilikuwa kuyatoa makabatini mambo waliyoyagundua watafiti wetu na kuyafikisha kwa mkulima, kwa Kiswahili anachokielewa, ili yamjazie ghala badala ya kujaza rafu zetu. Nchi ilikuwa changa na sisi tulikuwa wachanga zaidi. Niliipenda kazi ile kupita kiasi, na ndiyo maana iliweza kunivunja moyo.

Utafiti wa safari hiyo ulikuwa wa Daktari Mbaga, mtaalamu wa mimea. Aliona kwamba mikorosho ya kusini imepandwa karibu karibu mno, matawi yanagombania jua, na kwamba mtu akikata mti mmoja katika kila miwili, inayobaki hutanuka na kuzaa kuliko ilivyozaa yote pamoja. Ilikuwa kweli tupu. Lakini nenda kamwambie mtu akate mkorosho alioachiwa na baba yake! Tulizunguka vijijini tukaambulia chai na vicheko vya adabu. Aliyekubali ni mmoja tu, mjane wa karibu na Kilambo, kwenye ukingo wa Ruvuma, aitwaye Bi Somoe. Hakuwa na mali nyingine ila mikorosho hiyo. Alikata nusu yake huku analia, kisha akapalilia iliyobaki kama mtu anayelea watoto. Ikachanua hadi majirani wakaja kuitazama. Tukampiga picha, kanga kifuani, mkono juu ya shina, na mimi nikaandika maneno ya chini: PUNGUZA MIKOROSHO, ONGEZA MAVUNO. Sasa tulikuwa tunayapeleka mabango hayo wilaya nzima, tukianzia kwake, ili watu wayaone na shamba lenyewe walione.

Tulisafiri kwa meli, kwa sababu gari la chuo lisingefika hata Rufiji bila kufia njiani. Daktari alitapika karibu safari nzima, na kila alipopata nafuu alinieleza upana wa matawi. Ndivyo alivyokuwa. Kusalimiana na watu kulimtoa jasho, lakini akisimama mbele ya mti macho yanamlowa.

"Unadhani watakata?" aliniuliza, ameshikilia chuma cha meli.

"Wakimwona Bi Somoe, watakata."

Akatabasamu, akainamia tena baharini.

Bandarini Mtwara tuliwakuta makuli wamelala juu ya magunia matupu, kwani korosho za msimu huo zilikuwa bado maua. Tulipewa Landrova na dereva, kijana wa huko huko aitwaye Saidi. Kabla ya kutoka mjini nilisimamisha gari dukani kwa Bwana Gulamali, Mhindi aliyezaliwa palepale Mtwara, ninunue sukari na sabuni za kumpelekea mwenyeji wetu. Nikamwonyesha bango kwa majivuno.

"Huyu mama mteja yangu," alisema akilitazama. "Lakini wewe nakwenda kutafuta yeye Kilambo? Kule mtoni hakuna mtu sasa, dada. Wote nahamishwa, nakaa huku barabarani."

Nikamgeukia Saidi.

"Ni kweli," alisema. "Mlisema mnakwenda Kilambo. Hamkusema mnamtaka mtu."

Njiani alitueleza vizuri. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita, na mabomu ya Wareno hayakujali mpaka uko wapi. Watu wa ukingoni walitolewa wakapelekwa kijiji kipya kando ya barabara, palipokuwa na shule na kisima. Hapakuwa na ubaya wowote katika maneno hayo. Hata hivyo Daktari alimwambia Saidi aongeze mwendo.

Kijiji kipya kilikuwa nyumba zilizopangwa mstari, udongo bado mbichi ukutani, kivuli hakuna. Bi Somoe alikuwa mlangoni anamenya ming'oko, vile viazi vya porini wanavyovichimba huko kusini.

"Jamani, daktari wa miti!" alipaza sauti. "Mwaka mzima na bado hujanenepa? Na wewe, mwanangu, hujambo? Karibuni, karibuni."

"Shikamoo, bibi. Tumekukosa nyumbani."

"Marahaba. Nyumbani ndiyo hapa sasa, nimeambiwa."

"Miti inaendeleaje?" Daktari alimkatiza, hata salamu hakutoa.

"Kula kwanza, baba. Miti haikimbii. Kesho mtaiona."

Asubuhi ya pili tulikwenda kwa miguu, kwa vile gari halikupita. Tulitembea mpaka jua likawa la utosi, na yule bibi alikuwa mbele akituongoza. Tulianza kupita mashamba ya majirani zake, wale waliotucheka. Mikorosho imebanana hivyo hivyo, giza chini yake, ardhi ina majani makavu machache tu na haina hata unyasi. Maua yalikuwa haba, lakini yalikuwapo. Kisha mbele yetu pakawa na mwanga mkali, na pale palikuwa kwake.

Shamba lote lilikuwa jeusi. Mashina yamesimama na nafasi zake nzuri tulizozipima, kila moja limeungua mpaka juu, na majivu yalitufika vifundoni.

Daktari alichuchumaa, akazoa majivu, akatazama tulikotoka, akatazama tena pale. Nilimwona akielewa.

"Ni jua," alisema polepole. "Miti ikibanana, nyasi haziwezi kuota chini yake. Mimi nimeliingiza jua. Pasipopaliliwa, nyasi hujaa, na moto wa porini ukipita huku mtoni..."

Alianza kulia, mtu mzima, mikono imejaa masizi.

"Nilijaribu," Bi Somoe alisema. "Zamani nilikuwa naamka, jembe mkononi, nimeshafika shambani. Sasa nikifika hapa nimeshachoka, nalima kidogo, narudi kabla ya giza. Nyasi zikanishinda." Kisha akamgusa begani. "Hukunidanganya, baba. Miti ilizaa, korosho zake nilizila mie mwenyewe. Niliyeondoka ni mie."

Afadhali angetutukana.

Jioni, tuliporudi kijijini, nilikuta Saidi ameshusha mabango yote, maana ndivyo alivyoagizwa. Watu walikuwa wamelizunguka rundo, wanacheka na kunyoosha vidole. Nilitamani ardhi inimeze. Bi Somoe aliwapangua, akachukua bango moja, akalitazama muda mrefu.

"Nipe hili."

"Chukua yote, bibi. Nisamehe. Yachome."

"Nichome tena?" Akanitazama. "Una wembe?"

Nilikuwa nao mkobani.

"Haya maneno ya chini yaondoe. Yanasema na watu wengine. Niachie mie na mkorosho wangu."

Nikayakata mwenyewe, maneno niliyoyatunga mwenyewe. Akakoroga uji mzito wa muhogo uwe gundi, akaubandika mti wake kwenye udongo mbichi wa ukuta, mkabala na kitanda.

Kurudi Dar es Salaam, bahari ilichafuka zaidi kuliko tulipokwenda, lakini Daktari hakutapika. Alikaa anasugua masizi yaliyomwingia kwenye kucha. Mwaka ule ule aliacha utafiti wa mashambani, na sijui kama aliwahi kurudi kusini.

Ofisini mkuu wangu aliniuliza wananchi wameyapokeaje mabango. Nikamwambia limebandikwa moja. Nikamweleza yote, na kile nilichojifunza nikakisema waziwazi: kwamba tulipima sana umbali kati ya mti na mti, lakini umbali kati ya mti na mlango wa mwenye mti hatukuupima hata siku moja, kwa sababu tulidhani mlango hauendi popote.

Alinisikiliza kwa upole. Hakuwa mtu mbaya.

"Inasikitisha," alisema. "Lakini utafiti wenyewe ni sahihi, sivyo?"

"Ni sahihi."

"Basi haufai kukaa kabatini." Akaniambia nitafute mama mwingine wa kupiga picha.