Darubini Isiyo na Bunduki

Fundi anayezirudishia darubini za bunduki rangi yake huanza kwa kuziba vioo. Hubandika utepe wa karatasi, akaubonyeza kingo kwa ukucha wa gumba, kisha huubandua na kubandika mwingine, maana tone moja la rangi likipenya, kioo kimekwisha. Mkewe akiwa mlangoni anachambua mchele humsikia akiinong'oneza darubini, "Taratibu, taratibu," kama anayemwogesha mtoto mchanga. Husugua kwa msasa bomba lililochubuka, halafu hupuliza rangi nyeusi isiyong'aa, safu nyembamba juu ya safu, pumzi ameibana. Rangi ikianza kushika, hubandua utepe na kuchungulia kama ile mistari miwili ya kulengea shabaha bado inaonekana vizuri. Hapo huielekeza ukutani, na ukutani tu.

Juzi mkewe alikatiza mbele ya ukuta huo na beseni la nguo, fundi jicho liko kwenye kioo. Akaishusha kwa pupa, ikamponyoka, akaidaka mapajani kwa mikono miwili, na vidole vyote vikajichora kwenye rangi.

"Wee baba, hiyo si bomba tu?" mke akacheka. "Bunduki yenyewe iko wapi?"

"Najua haipo."

"Sasa?"

"Ulikuwa pale mistari inapokutana."

Fundi akachukua msasa aanze upya. Mke akaanika nguo, kicheko kimemkauka. Alipomaliza, alirudi ndani kwa kuzunguka nyuma ya nyumba.