Utepe Mtupu wa Dada

Dada yangu ni fundi cherehani, na ana aproni moja ya kazini ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiona upande wa ndani. Mimi nimeiona, kwa sababu ndimi ninayeifua. Kila mwaka unapoanza, kabla hajakata kitambaa cha mtu yeyote, anafunga mlango wa duka, anamwomba Mungu, kisha anachagua neno moja la kumwongoza mwaka mzima. Analitarizi kwa uzi mwekundu kwenye utepe mweupe, anaushonea ndani ya aproni, usawa wa kifua. Tepe zimefika tisa. Mwaka wa SHUKURU alimshukuru hadi mteja aliyerudisha gauni akilalamika limembana, ilhali aliyenenepa ni yeye. Mwaka wa NYAMAZA ulikuwa mzuri kuliko yote, nasema bila aibu.

Balaa lilikuja mwaka jana, na neno KWELI. Mama yetu, aliyetufundisha sote wawili kushika sindano, alikuwa bado anakuja dukani kutusaidia mapindo. Macho yalishaingia ukungu. Mimi nilikuwa nikiyafumua mapindo yake kimya kimya na kuyarudia, mambo yanakwisha. Siku moja dada akalinyanyua shati mbele ya wateja. "Mama, huoni tena. Hii mishono imepinda. Kapumzike."

Lo! Mama aliiweka sindano mezani, akachukua mkoba wake, akaondoka. Tangu siku ile hajagusa kitambaa. Anashinda chumbani akiutazama ukuta, chakula anakula nusu, na kila wiki nguo zinazidi kumpwaya.

Dada analiona hilo. Chumba chenyewe kiko nyuma ya duka, hatua ishirini tu, na kila mchana anampelekea chakula. Anaweka sahani, "shikamoo mama," anasogeza pazia, anaokota kitu ambacho hakijaanguka, huyoo, karudi. Mtu anayekaa kwenye cherehani kutwa nzima, kwa mama mzazi hapati pa kukalia! Majirani walishambatiza Kiguu na Njia, na hawajakosea.

Basi mwaka huu neno likagoma. Mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, utepe uko mtupu kwenye droo ya cherehani. Anautoa, anaurudisha. Aliandika SUBIRA kwa chaki, akaifuta kabla hata hatujanywa chai. Akajaribu AMANI, sindano tatu zikavunjika siku hiyohiyo. Juma lililopita alikata suruali ya bwana harusi, miguu yote miwili ya kushoto. Miaka ishirini kazini, jamani!

"Dada, una nini lakini?"

"Sina kitu. Natafuta neno."

"Hutafuti neno. Unamkimbia mama."

"Wewe piga pasi."

Hapo nikapandwa na hasira. Nilichomoa pasi, nikachukua mkasi, nikakata kamba za aproni akiwa bado kaivaa, nikanyakua na ule utepe, nikaenda navyo kwa mama. Dada alinifuata akilalama hadi mlangoni, akasimama hapo, mguu ndani, mguu nje.

"Shikamoo, mama. Huyu binti yako kashindwa kuchagua neno la mwaka. Mchagulie wewe kabla hajatufukuzia wateja."

Mama aliipokea aproni, akazipapasa tepe moja moja. Macho hayamsaidii, lakini vidole vyake vinausoma uzi. Alipofika KWELI akatulia. Akaurudia utepe ule mara ya pili, mara ya tatu. Nilitamani nisingekuja.

"Nani kashona huu?"

"Mimi, mama," dada akajibu.

"Umepinda."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nikaziba mdomo kwa kiganja. Dada hakucheka. "Nilikukosea, mama. Nilikuaibisha mbele za watu. Nisamehe."

Mama alinyoosha mkono. "Nitungieni uzi."

Kazi ilimchukua siku nne. Hakutaka msaada wowote ila wa kutungiwa uzi, na kwa hilo alimwita dada, si mimi. Siku ya tatu sahani ilirudi tupu. Siku ya nne akatuita akatukabidhi aproni, kamba zimerudishiwa na utepe wa kumi umekaa upande, herufi moja kubwa nyingine ndogo, ya mwisho imetokeza nje kabisa: KETI.

Dada aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nikauona mkono wake ukienda mfukoni, kwenye wembe wa kufumulia. Namjua, havumilii mshono ulioenda kombo hata kwenye nguo ya mtu baki. Akautoa wembe, akautazama, akanipa mimi. Kisha akaivaa aproni, akavuta kigoda, akakaa karibu na magoti ya mama.

Haikupita dakika mbili, mteja akaanza kugonga meza kule dukani. "Fundi! We fundi!" Goti la dada likaanza kutikisika, tayari kuondoka. Mama akaweka mkono juu yake.

"Nenda wewe," dada akaniambia bila kugeuka. "Mwambie fundi yuko kwa mama yake."