Kisketi cha Kibodi

Miaka ishirini ya kelele za vyerehani ilimla fundi masikio kidogo kidogo, kama panya anayeng'ata huku akipuliza. Aliposhtuka, alikuwa akiishi kwa kusoma midomo ya watu. Ushirika wa washonaji ulipotafuta karani wa kuandika kumbukumbu za vikao kwenye kompyuta, aliomba kazi hiyo. Mwenyekiti akampa mwezi mmoja wa kujifunza. Kikao cha kwanza ndicho kingekuwa mtihani wake.

Shida ilikuwa macho. Akiinama kutafuta herufi, midomo inampotea. Akitazama midomo, vidole vinapotea njia.

Wifi yake, mpiga taipu mstaafu, akamfundishia kwenye meza ya jikoni. Alimshikisha vile vinundu viwili vya F na J, makao ya vidole vya shahada: kila kidole kitoke, kirudi kwake. Fundi akachungulia. Akakatazwa, akachungulia tena. Mwishowe akajitibu kwa anachokijua: akashona kisketi cheusi chenye lastiki, akaivisha kibodi, mikono ikapita chini yake.

"Naona hata kompyuta sasa inajisitiri," wifi akamtania.

Lakini mazoea yana taabu. Kila sentensi ilipokwama, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu, ukitafuta pedeli ya cherehani.

"Kanyaga tu, wifi. Ukifika huko uendako, nisalimie," mwalimu wake akamchokoza.

Mwanzoni alinakili magazeti. Kufikia wiki ya tatu, wifi alikuwa akimsimulia umbea wa mtaa mzima bila kutoa sauti, midomo tu ikicheza, naye anaandika huku anacheka, macho hayabanduki usoni.

Siku ya kikao alikaa mbele. Wajumbe walisema, maneno yakatoka midomoni mwao yakamshukia vidoleni, ukurasa ukajaa. Kisha mwenyekiti akainuka, akaendelea kuzungumza huku amegeukia dirisha. Vidole vikasimama. Ukumbi mzima ukamtazama fundi. Mwezi uliopita angeona haya, akabahatisha. Leo aliinua mkono.

"Samahani, mwenyekiti. Mikono yangu iko tayari, ila mdomo wako umeupeleka dirishani."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akageuka, akavuta kiti chake hadi mbele ya meza ya fundi, wakatazamana.

"Haya," akasema taratibu, "nianzie wapi, karani?"