Kipaza Sauti cha Mkalimani

Kanisa ninalosali, karibu na Mvumi, lina wazee wengi ambao Kiswahili wanakisikia nusunusu, na mchungaji wetu katoka mkoa mwingine, Kigogo hakijui. Kwa miaka mingi aliyewasaidia ni mama mmoja anayefagia kanisa. Aliketi nao benchi la nyuma akiwanong'oneza mahubiri kwa Kigogo, na matangazo alimrudilia kila mmoja mpaka aone ameelewa. Hakuwa na cheo, na sikumbuki aliyewahi kumshukuru. Mimi, mwalimu mzima wa sekondari, nilikuwa nikigeuka kumkata jicho, eti anapiga kelele ibadani.

Nikapata wazo, nikasema limetoka kwa Roho Mtakatifu. Nikamwambia mchungaji kwamba kanisa linahitaji mkalimani rasmi wa kusimama mbele, na kwamba Mungu amenijalia kipawa cha lugha. Nililisema hilo macho chini, kwa unyenyekevu wa kujifanya. Akakubali.

Jumapili ya kwanza nilipiga shati pasi mara mbili. Kigogo changu nimekirithi kwa baba, kina mbwembwe za kizee, na nilipochomeka utani kidogo wa ng'ombe na mahari, kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji akanigeukia, akashangaa amesema nini cha kuchekesha. Nikanogewa. Baada ya ibada watu walipanga foleni kunishika mkono. Mama wa benchi la nyuma alinyamaza tangu siku hiyo, maana spika zilimfunika. Sikujali.

Matangazo ndiyo yaliyonichosha, kwa kuwa hayana utamu wowote. Mchungaji akisoma manne natafsiri mawili, huku nawaza kichekesho cha kwenye mahubiri.

Miezi michache baadaye akafariki mzee mmoja aliyekuwa amelala kitandani muda mrefu. Tulipokwenda msibani, mchungaji alimwuliza mjane, kwa upole, kwa nini hakuleta jina la mumewe. Jumapili mbili mfululizo alikuwa ametangaza kwamba wenye wagonjwa wabaki baada ya ibada waandikishe majina, ili awapelekee Ushirika Mtakatifu nyumbani. Swali hilo ilinibidi nilitafsiri mimi. Nililitafsiri lote, bila kupunguza wala kuongeza, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Mjane alijibu kwa Kigogo kwamba Jumapili zote mbili alikuwepo kanisani. Mumewe alitamani kushiriki Meza ya Bwana kabla ya kufa, na kila mkewe aliporudi kutoka ibadani alimwuliza kama mchungaji atakuja. Kisha akaniangalia mimi.

"Mwanangu, siku hizo wewe ulitwambia nini?"

Nilijaribu kukumbuka. Kilichonijia ni vicheko vya watu tu.

"Mama anasemaje?" mchungaji akaniuliza.

Nikamjibu kwamba mama anashukuru sana kwa kuja kwetu. Mchungaji akatikisa kichwa kwa huruma, akafungua Biblia. Yule mama mfagiaji, anayezijua lugha zote mbili, alikuwa ameketi mkekani bega kwa bega na mjane. Alinisikia vizuri. Akainamisha uso.