Matete ya Mama Kavuo

Mama Kavuo wa Kipese anasukaka bitunga tangu akiwa binti. Matete yake ya kusuka inaotaka pembeni ya chute, kwenye maji inaangukaka. Anakataka ya kukomaa tu, mizizi anaachaka ili iote tena.

Basi komite ya tourisme, ile ya kuleta bageni, batu ya mudomo tupu, bakatuma bijana na mapanga. Bakafyeka matete yote, bakang'oa na mizizi, eti bageni baone maji muzuri. Siku ya yenga, siku ya kanisa, prezida wa komite, Mathe, akaleta bageni ya Butembo mpaka kwa mama.

“Mama, suka kidogo, bageni bapige foto.”

“Nisuke na nini? Na ndevu yako?”

Bageni bakacheka. Mathe akakasirika.

“Mama, hapana kutuhaibisha! Tulisafisha juu ya faida ya kijiji.”

“Mulisafisha sahani yangu! Ile unaitaka uchafu njo ilisomesha batoto yangu. Toka kwa lupango, kwa nyumba yangu!”

Akamufukuza na ufagio mbele ya bageni bote.

Sasa mama analimaka viazi kwa mashamba ya batu. Na pale kwa chute komite ilisimamisha kibao: “Hapa tunasukaka bitunga.” Bongo, uongo mutupu.